Aliyeambiwa maabara si mahali pake

Leo nataka niwasimulie habari za mtu ambaye wengi wetu hatumjui. Hachezi mpira Ulaya, hajatoa albamu, hajagombea urais popote. Anaitwa William Kaelin. Ni daktari wa saratani, Mmarekani, mzaliwa wa New York mwaka 1957, na sehemu kubwa ya maisha yake ameitumia ndani ya maabara mjini Boston akihangaika na swali ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaweza kucheka: chembe hai ya mwili, au seli kama walimu wetu wa baiolojia walivyotufundisha, inajuaje kwamba hewa imepungua?

Nimekuwa nikisoma habari za mtu huyu kwa muda sasa. Kila nikidhani nimemaliza, narudi tena. Tuanzie chuoni.

Kaelin alisoma Chuo Kikuu cha Duke, hisabati na kemia, halafu udaktari. Akiwa bado mwanafunzi aliingia maabara kujaribu utafiti. Mambo hayakwenda vizuri. Mwalimu aliyemsimamia akamwandikia tathmini ambayo Kaelin mwenyewe ameisimulia hadharani: kwamba kijana huyu anaonekana ana akili, ila mustakabali wake uko nje ya maabara. Hebu jiweke mahali pake. Bado uko shuleni, unaipenda sayansi, halafu mtu mwenye cheo anakuandikia kwa kalamu kwamba hapa si kwako. Kwetu maneno kama haya ya mwalimu hubandikwa mtu kama jina la utani, unazeeka nalo. Wangapi tunawajua waliotoka kidato cha nne wakiamini kwamba "hesabu haziwapendi" kwa sababu mtu mmoja aliwaambia hivyo?

Kaelin hakubishana. Akaenda zake kuwa daktari wa wagonjwa. Akafanya kazi hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, kisha akahamia Boston kwenye taasisi ya saratani ya Dana-Farber kubobea katika kutibu saratani. Huko akajikuta tena maabara, safari hii chini ya mtafiti aitwaye David Livingston. Livingston alikuwa akichunguza protini iitwayo RB, ambayo ikikosekana, mtoto mdogo hupata saratani ya jicho. Ugonjwa wenyewe ni adimu. Lakini protini hiyo iko kwenye mwili wa kila mmoja wetu, na kwa kuuchunguza ule ugonjwa adimu watafiti walijifunza jinsi seli za watu wote zinavyozuiwa zisigawanyike ovyo. Naamini hapo ndipo Kaelin alipojifunza ufundi wake: usidharau ugonjwa wa watu wachache, kwa sababu unaweza kuwa dirisha la kuchungulia miili ya wote.

Mwaka 1993 watafiti wa taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani walitangaza kwamba wameipata jeni inayoitwa VHL. Herufi hizo zinatokana na majina ya madaktari wawili, von Hippel, Mjerumani, na Lindau, Mswidi, waliouelezea ugonjwa huu wa kurithi zamani. Inakadiriwa kwamba mtoto mmoja kati ya 36,000 huzaliwa nao. Anayeurithi huota uvimbe kwenye jicho, kwenye ubongo, kwenye uti wa mgongo, na mara nyingi hupata saratani ya figo. Familia nzima inaweza kuishi ikisubiri zamu ya nani mwingine. Kaelin, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanzisha maabara yake mwenyewe, akasema nitashika hii.

Kwa nini hii? Hapa ndipo ninapompendea. Alikuwa daktari wa wagonjwa, na aliuangalia ugonjwa kwa jicho la daktari. Aliona vitu viwili. Kwanza, uvimbe wa wagonjwa hawa umejaa mishipa ya damu kupita kiasi. Pili, baadhi yao wana chembe nyekundu za damu nyingi kuliko kawaida. Sasa jiulize, mwili wa mtu mzima huongeza mishipa na damu wakati gani?

Sisi tunaoishi jirani na milima tunalijua jibu hata kama hatujalisoma. Waulize wapagazi wa Kilimanjaro. Ukipanda kuelekea mita 5,895 hewa inakuwa nyepesi, oksijeni inapungua, na figo zako zinaanza kumwaga homoni iitwayo EPO inayouamuru mwili utengeneze chembe nyekundu zaidi. Ndiyo sababu moja wanariadha husafiri kutoka pande zote za dunia kwenda kufanya mazoezi Iten, Kenya, kwenye mwinuko wa mita kama 2,400. Mwili ukikosa hewa unajipanga upya: unaongeza damu, unaita mishipa, unabadili namna ya kutumia sukari.

Basi Kaelin akajiuliza: mbona uvimbe wa wagonjwa hawa una tabia za mtu aliyeko kileleni Kilimanjaro, wakati umekaa usawa wa bahari, hewa tele? Inaelekea kuna kitu kinachozidanganya seli hizi kwamba hakuna oksijeni. Na kama jeni ya VHL ikiharibika seli inadanganyika, basi jeni hiyo nzima ina kazi katika kupima oksijeni. Swali la familia chache likageuka swali la viumbe wote wanaovuta hewa.

Hakuwa peke yake. Kule Johns Hopkins, Gregg Semenza alikuwa amegundua protini aliyoiita HIF, inayoongezeka seli ikikosa hewa na kuwasha jeni ya EPO na nyingine nyingi. Kule Oxford, Uingereza, daktari wa figo Peter Ratcliffe alikuwa akilifuata swali hilo hilo kupitia figo. Na Ratcliffe naye ana hadithi yake: mwaka 1992 jarida la Nature lilimrudishia makala yake, wakakataa kuichapisha. Barua ile ya kukataliwa imesambaa sana mitandaoni, na nadhani kila mwandishi chipukizi angeibandika ukutani.

Naomba nieleze walichokigundua kwa mfano wa mtaani, kwa sababu lugha ya maabara inachosha. Mnaijua ile X nyekundu. Nyumba iliyojengwa kwenye hifadhi ya barabara inapigwa X ukutani, na siku moja tingatinga linakuja, linatafuta zenye X, linabomoa. Sasa fikiria HIF ndiyo nyumba. Seli inajenga nyumba hizi kila wakati, bila kupumzika. Kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kupita kikipiga X, na rangi anayotumia fundi huyu ni oksijeni yenyewe. Kihalisi kabisa, anachukua oksijeni na kuibandika mahali maalumu kwenye HIF. VHL ndiye dereva wa tingatinga. Anaona X, anabomoa. Kwa hiyo hewa ikiwepo, HIF haidumu hata dakika nyingi.

Hewa ikipungua, rangi imekwisha. Hakuna X. Dereva anazunguka, hana cha kubomoa, HIF zinajaa na kuanza kutoa amri: leta mishipa, ongeza damu. Na kwa mgonjwa wa VHL? Rangi ipo, X zimepigwa kila ukuta, lakini dereva hayupo. HIF zinajaa kana kwamba hakuna hewa. Seli imedanganyika.

Ukiisoma hapa inaonekana rahisi. Wao iliwachukua miaka. Mwaka 1996 maabara ya Kaelin ilionyesha kwamba seli zisizo na VHL zinaendesha mambo ya ukosefu wa hewa hata hewa ikiwepo. Mwaka 1999 kundi la Ratcliffe likaonyesha kwamba VHL inaishika HIF na inahitajika ili HIF ivunjwe. Aprili 2001 makala mbili zikatoka pamoja katika jarida la Science, moja kutoka Boston na moja kutoka Oxford, zote zikisema alama yenyewe ni oksijeni. Miaka minane kutoka jeni kupatikana hadi X kuonekana.

Na hii inahusu vipi saratani za kawaida? Inahusu sana. Uvimbe wa saratani hukua haraka kuliko mishipa inayoulisha, kama mtaa unaojengwa kabla ya barabara na mabomba. Tangu mwaka 1955 watafiti Thomlinson na Gray wa Uingereza walieleza kwamba ukienda mbali kidogo na mshipa wa damu, chini hata ya robo ya milimita, seli za uvimbe zinakufa kwa kukosa hewa. Wale walio mpakani, wanaopata hewa ya kubahatisha, hawafi. Hao ndio wakorofi. Mionzi hukata vinasaba vya seli, na oksijeni ndiyo inayofanya jeraha lile lisizibike. Bila oksijeni, seli inaweza kuhimili dozi ya mionzi karibu mara tatu ya ile ambayo ingeiua yenye hewa.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili limenikaa moyoni.

Tarehe 7 Oktoba 2019 ilitangazwa kwamba Kaelin, Semenza na Ratcliffe wamepata Nobel ya tiba. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwenye chumba cha habari ambacho sitakitaja. Habari ikaingia, nikapewa niifupishe. Nikaandika kwamba wametambua jinsi seli zinavyohisi oksijeni. Ikatoka kwa mhariri ikiwa na kichwa kikubwa kinachosema dawa ya saratani imepatikana. Nilipouliza nikajibiwa kwamba gazeti haliuzwi kwa oksijeni.

Kesho yake mama mmoja aliyekuwa akituuzia chai na chapati alinisubiri mlangoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia haraka, akatoa gazeti kwenye kikapu, amelikunja kwenye ukurasa ule ule.

"Mwanangu, hii dawa inauzwa wapi? Mdogo wangu yuko Ocean Road, shingo ya kizazi. Mionzi hawajamwanza, wanasema damu yake ndogo, aongezewe kwanza. Sisi tunaona kama anacheleweshwa tu."

Sikuwa na dawa ya kumpa. Nilimwambia ukweli, kwamba kilichopatikana ni ufahamu, dawa bado. Akashusha pumzi. Lakini lile la damu ndogo halikuniacha. Nikarudi kusoma, na nikakuta jambo ambalo kichwa chetu cha habari kilikuwa kimelifukia. Damu nyekundu ndiyo inayobeba oksijeni. Mgonjwa mwenye damu kidogo, uvimbe wake nao unapata hewa kidogo, na uvimbe wenye hewa kidogo unahimili mionzi. Ndiyo maana madaktari wengi hupenda kuona damu imepanda kabla ya kuanza. Sivyo kwamba ukiongeza damu basi uvimbe wote unapata hewa, mambo hayako hivyo, kwa sababu mishipa ya ndani ya uvimbe yenyewe ni mibovu. Lakini kusubiri kule kulikuwa na maana.

Nikamweleza yule mama siku iliyofuata, kwa lugha ya kawaida, tukiwa tumesimama pembeni ya jiko lake. Akaniuliza maswali matatu mazuri kuliko yote yaliyoulizwa kwenye chumba chetu cha habari wiki ile. Halafu akasema, "Kumbe mngeandika hivyo." Ndugu zake walikwenda kuchangia damu Jumamosi.

Je, dawa ilikuja kupatikana baadaye? Ndiyo, na ni vizuri isemwe kwa vipimo vyake. Mwaka 1997 watafiti wa Dallas, Steven McKnight na David Russell, walitambua ndugu wa HIF, leo anaitwa HIF-2. Maabara ya Kaelin ikaonyesha kwamba kwenye saratani za figo zilizopoteza VHL, mkorofi mkubwa ni huyu HIF-2. Wengi waliamini protini za aina hii hazishikiki kwa dawa, zina uso laini kama kokoto ya mtoni. Watafiti wa Dallas wakakuta ndani yake kuna kishimo kidogo, na kishimo kikapata kifuniko. Dawa hiyo inaitwa belzutifan. Agosti 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa wa VHL. Katika jaribio lililotegemewa walikuwa wagonjwa 61, na asilimia 49 yao uvimbe wao wa figo ulisinyaa kiasi cha kuhesabika. Desemba 2023 ikaruhusiwa pia kwa saratani ya figo iliyosambaa, kwa wagonjwa ambao tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa kwao.

Angalieni na madhara yake. Wagonjwa kama 9 kati ya 10 walipungukiwa damu. Kwa nini? Kwa sababu HIF-2 ndiye anayeamuru EPO, ukimfunga mdomo na damu inapungua. Dawa inafanya kile ambacho hesabu ya Kaelin ilisema itafanya, kizuri na kibaya chake. Na upande wa pili, kuna dawa zinazofanya kinyume, zinazomzuia fundi wa kupiga X ili HIF idumu na damu iongezeke. China iliruhusu mojawapo, roxadustat, mwaka 2018 kwa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu.

Kutoka 1993 hadi 2021 ni miaka 28. Mtoto aliyezaliwa siku jeni ilipotangazwa alikuwa ameshamaliza chuo na huenda ana watoto wake. Kichwa cha habari cha mwaka 2019 kiliifuta miaka hiyo yote kwa maneno manne.

Na kuna jambo jingine katika maisha ya Kaelin ambalo linanifanya nisite kila ninaposikia mtu akiahidi tiba ya haraka. Mkewe, Carolyn, alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa saratani ya matiti, mjini Boston hapo hapo. Mwaka 2003 yeye mwenyewe akapata saratani ya titi. Akatibiwa, akaandika kitabu cha kuwasaidia wanawake wenzake. Baadaye akapata saratani ya ubongo, na mwaka 2015 akafariki, ana miaka 54. Mume mtafiti wa saratani, mke mpasuaji wa saratani, hospitali za Boston mlangoni. Kama elimu ingeweza kuharakishwa kwa mapenzi tu, nani angeiharakisha kuliko mtu yule? Mwaka uliofuata Kaelin na wenzake wawili wakapewa tuzo ya Lasker, miaka mitatu mbele ikaja Nobel, naye Carolyn hakuwepo.

Mwaka 2017 Kaelin aliandika makala katika jarida la Nature, na hii ndiyo ningependa waandishi wenzangu waisome. Anasikitika kwamba makala za sayansi siku hizi zinadai mambo mengi mno kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na ushahidi mwembamba. Anawaomba watafiti wenzake wajenge nyumba za matofali kuliko majumba ya fahari ya nyasi. Usidai zaidi ya ulichothibitisha. Ukidai kidogo kikasimama, mwingine atajenga juu yake.

Hakuwa anasema maneno ya hewani. Mwaka 2022 jarida moja kubwa la Marekani, PNAS, liliziondoa makala nne za maabara ya Semenza, aliyeshinda naye Nobel, kwa sababu ya matatizo katika picha na data. Ugunduzi wenyewe wa HIF haukuanguka, kwa sababu maabara nyingi duniani zimeurudia na kuukuta uko pale pale. Hilo ndilo tofali. Linabaki hata fundi wake akitiliwa shaka katika kazi nyingine.

Mimi naona kazi yetu ya uandishi ina sheria hiyo hiyo. Msomaji wa habari za afya mara nyingi si mtu anayejiburudisha. Ana mgonjwa nyumbani. Anakata ukurasa, anaukunja, anaupeleka kwa mtu. Ukimpa jumba la nyasi, atalala ndani yake usiku mmoja, mvua itamkuta. Ukimweleza kwa nini damu inaongezwa kabla ya mionzi, umempa tofali moja, na anaweza kulibeba hadi wodini.

Kwa wadogo zangu mlioko sekondari, mnaoambiwa maabara si mahali penu: kale kakaratasi ka mwalimu wa Duke hakakuzuia kitu. Ila msidhani dawa yake ni ubishi. Kaelin alikwenda kwanza kujifunza kuwaangalia wagonjwa, na jicho hilo la daktari ndilo lililoona kile ambacho wengi walipita wakikitazama.

Nikijaliwa, siku nyingine nitaandika juu ya Denis Burkitt, yule daktari wa Kampala ambaye mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe wa taya za watoto aliouona hospitali ya Mulago. Naye alianza na wagonjwa wachache na swali dogo. Kama una mzee aliyefanya kazi Mulago miaka ile, niandikie, nina maswali mengi.